Kikombe cha Kwanza ni cha Fundi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikishika kikombe cha maji, mwanangu, na sijawahi kuisimulia nikiwa nimeinua uso. Leo pia nitaisimulia nikiangalia chini, na wewe usiniambie "pole mzee," maana pole hiyo si yangu. Jana ulikuwa umelala chini ya lile gari la safari hapa karakanani kwangu, nikakwambia urudie kile kiungo cha bomba la maji, ukanijibu, "Aah, mzee, huko chini nani ataona?" Ukacheka. Mimi niliingia ndani nikaketi, hata mke wangu akaniuliza kama presha imepanda. Haikuwa presha. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyoyasema nikiwa na umri kama wako, yamenirudia kwa kinywa cha mwingine.

Siku hizo nilikuwa fundi kijana katika karakana ya Mzee Rajab, pale Laini Saba, Kibera, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita tunanyamaza wote mpaka iishe. Mzee Rajab alikuwa Mnubi wa Kibera, amezaliwa hapo na baba yake amezikwa hapo, na kofia yake haikumtoka kichwani hata akiwa anachomelea. Mimi nilikuwa nimetoka Bungoma na begi moja na mdomo mwingi. Alinipokea, akanifundisha kazi, na mkewe akanipa chakula kama mtoto wao. Kazi yetu ilikuwa kuyaandaa magari ya kwenda mbali, yale ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Tuliweka keria juu ya paa, chuma cha kukinga taa mbele, sanduku la vyombo nyuma, na tangi la maji chini ya sakafu. Gari lilikuja kwetu likiwa la mjini, likatoka likiwa la jangwani.

Sasa, Mzee Rajab alikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Tangi la maji likikamilika, lilijazwa na maji yakalala humo usiku kucha. Asubuhi, mwenye gari akija kulichukua, fundi aliyelitengeneza tangi ndiye aliyekunywa kikombe cha kwanza mbele yake. Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, cheupe, kimebanduka rangi ukingoni. Mzee hakuwa mtu wa hotuba. Alisema tu, "Kunywa kazi yako," basi, unakunywa.

Akaja Akiru. Akiru alikuwa mama wa makamo, anaishi Riruta Satellite, amehangaika miaka mingi na biashara ya vitambaa pale Kawangware 56 hadi akanunua Landrova kuukuu. Alitaka aanze kuwapeleka wageni Ziwa Turkana. Lakini abiria wa kwanza, alisema, atakuwa baba yake. Mzee Ekal alikuwa ametoka Loiyangalani, kando ya ziwa hilo, akiwa kijana, akaja Nairobi kuwa askari wa lango, na maisha yakamshika hapa. Huko nyumbani alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu, kaka yake, naye alikuwa mgonjwa. Kaka huyo alikuwa amemtumia ujumbe: njoo tuonane kabla sijafumba macho.

Akiru alituambia hayo yote waziwazi, amesimama pale mlangoni na mkoba wake. "Tafadhalini, mnitengenezee kama ya baba yenu," alisema. Mzee Rajab akaniita. Akanipa kazi yote niifanye mwenyewe, ya kwanza kufanya bila mtu kunisimamia. Yee! Nilivimba kichwa, mwanangu. Usiku sikulala kwa furaha.

Akiru alikuwa amenunua bati safi la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, na Mzee alinionyesha kwa kidole: hili ni la tangi. Mimi nikalitazama lile bati linavyong'aa, nikaona ni dhambi kulificha chini ya gari. Nilitaka siku gari hilo likipita stegi ya matatu pale 56 watu wageuke, waulize nani fundi. Basi nikalikata lile bati nikatengeneza meza ya jiko ya kuvuta kutoka nyuma, na droo za vijiko. Ukifungua mlango, jua linakupiga usoni. Kwenye bampa ya nyuma nikachomelea jina langu kwa herufi kubwa, WAFULA. Na tangi? Pale nyuma ya karakana palikuwa na tangi la jenereta iliyokufa. Lilikuwa zima, halina kutu, kipimo kinakaribiana. Lilikuwa limebeba dizeli miaka na miaka. Mwenzangu mmoja aliniona nikilibeba akaniuliza kama niko sawa. Nikamjibu, "Huko chini nani ataona?"

Niliosha, si kwamba sikuosha. Niliosha kwa sabuni ya Omo na maji moto, nikasuuza, nikanusa, nikaona mambo poa. Nikalipaka rangi nyeusi kwa nje na kulifunga mahali pake. Mzee Rajab aliinama, akaligonga kwa kidole, akauliza, "Umeliosha?" Nikasema nimeliosha. Hakuuliza la pili, maana aliniamini. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo niliijua tangu darasani, na bado nikautengeneza mkakasi kwa mikono yangu miwili.

Tena nikaongeza kosa juu ya kosa. Akiru alitaka kubeba na mitungi kadhaa ya maji, kwa tahadhari. Nikamkataza. Nilimwambia uzito utamchosha njiani, tangi linatosha. Ukweli ni kwamba mitungi ingeiziba meza yangu.

Asubuhi ya kukabidhi gari nilifika mapema. Nikafungua mfereji wa tangi, uliotokeza ndani nyuma ya kiti, nikakinga maji kidogo kiganjani, nikanusa. Dizeli. Haikuwa kali, lakini ilikuwepo. Maji yalikuwa yamelala humo yakaivuta kutoka kwenye chuma. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuwa binadamu, mwanangu. Ningesema tu, "Mzee, nimeharibu." Angenifokea, tungelitoa tangi, safari ingechelewa kidogo, na hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini niliona haya. Kumbuka hilo: niliona haya ya dakika moja, nikanunua haya ya maisha.

Wakaja. Mzee Ekal alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti la suti na fimbo mkononi. Alizunguka gari lile taratibu akiligusagusa. Alipofika nyuma, Akiru akamfungulia mlango, meza ikametameta, na mzee akacheka kama mtoto. Mimi nikajiona mfalme wa Kibera.

"Kunywa kazi yako," Mzee Rajab akasema, akanipa kikombe.

Nyuma ya kiti nilikuwa nimeuweka mtungi mdogo wa maji ya kunywa. Nikainama ndani, mgongo wangu ukiwa umewaziba, nikajifanya nafungua mfereji, nikajaza kikombe kutoka kwenye mtungi. Nikainuka, nikanywa chote mbele yao, hata nikajipangusa midomo. Mzee Ekal alinitazama mpaka tone la mwisho. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Asante, kijana," alisema. "Wewe umekunywa, mimi nitakunywa bila wasiwasi."

Wakaondoka. Jina langu lilikuwa la mwisho kuonekana gari lilipokata kona.

Kilichotokea huko nilisimuliwa na Akiru mwenyewe, na sidhani kama nimesahau neno. Lami siku hizo ilikuwa ikiishia Isiolo. Walilala Marsabit, wakaendelea kuelekea ziwani, na joto likawa joto kweli. Chupa walizokuwa nazo zikaisha, wakafungua tangi. Akiru alinusa akasema, "Baba, haya maji yana kitu." Mzee Ekal akamwambia asiwe na hofu, ni chuma kipya tu, chuma kipya hunuka. "Si yule kijana alikunywa tukimwona?" Akanywa. Aliposikia kiu, akanywa tena. Yeye ndiye aliyemtuliza binti yake, kwa sababu yangu.

Kufikia alasiri alikuwa akitapika hadi hana nguvu za kushika fimbo. Akiru alisimama katikati ya mawe yale, hakuna nyumba, hakuna mti, na maji yaliyobaki yote ni yale. Aligeuza gari akarudi Marsabit. Mzee akalazwa, akatundikiwa dripu, na siku zikaenda. Wakiwa bado huko, dereva wa lori lililotoka ziwani akaleta habari. Kaka yake alikuwa ameshazikwa.

Nilikuwa nikipiga brashi keria ya gari jingine Akiru alipoegesha ile Landrova nje na kuingia karakanani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alimwambia Mzee Rajab kila kitu, sauti ya chini kabisa, halafu akasema, "Mimi sitaki kitu. Nataka tu kujua, huyu alikunywa nini?"

Mzee Rajab alinigeukia. Akaenda kwenye kabati, akatoa kile kikombe cheupe, akatoka nje, akainama kwenye ile Landrova na kufungua mfereji. Nikadhani ananiletea, na wallahi ningekunywa, ningekunywa tangi zima. Nikanyoosha mkono. Hakunipa. Alikipeleka kikombe kinywani mwake, mzee yule, kofia kichwani, akanywa taratibu mpaka chini. Nikaona koo lake linavyopanda na kushuka. Nikamshika mkono, nikasema, "Mzee, tafadhali, wacha." Akautoa mkono wangu.

"Hiki kilikuwa chako," akasema. "Lakini karakana ni yangu, na mimi ndiye niliyekuuliza kama umeliosha, nikaamini."

Nililia mbele ya karakana nzima. Hakuna aliyenicheka, na hilo liliniuma zaidi. Mzee aliumwa na tumbo siku ile na kesho yake, mkewe akimchemshia uji, na uji huohuo akanipakulia na mimi.

Alipopata nafuu akanichukua tukaenda kwa miguu hadi Kawangware, kwenye chumba cha Mzee Ekal. Mzee Ekal alikuwa amekaa kitandani, amepungua, lile koti la suti limetundikwa ukutani. Nilipiga magoti kwenye saruji.

Aliniuliza jambo moja tu. "Siku ile, ulikunywa?"

"Sikunywa, mzee. Nilikunywa maji ya mtungi."

Akalitazama lile koti ukutani. Kisha akasema, si kwa hasira, alisema tu kama mtu anayejikumbusha, "Kaka yangu alikuwa ananisubiri." Halafu akamwita Akiru, akamwambia aniletee maji, kwa sababu nimetoka mbali kwa miguu na jua ni kali. Akiru akasita. Baba yake akamwambia tena. Akaleta glasi. Yalikuwa maji safi ya baridi, mwanangu, na hadi leo sijui niliyamezaje.

Mzee Ekal alinisamehe kwa kinywa chake. Tangi jipya nilitengeneza, la stenlesi; ile meza niliikatakata kwa mikono yangu, na jina langu nikalisaga kwa grainda hadi bampa ikawa laini. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alifika Loiyangalani baadaye, ndiyo. Alifika kwenye kaburi.

Ndiyo maana ukiniona nimenyamaza, ujue nawaza. Siku hizi mnaweka friji, mnaweka sola, mnaweka hema juu ya paa, mnapiga picha na kuzituma huko mnakozituma. Si vibaya, napenda kuona. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuokolewa jangwani na kitu cha kupigwa picha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kazi yetu karibu yote iko mvunguni. Anayekwenda mbali anakuachia roho yake uifunge na bolti zako, halafu anaenda zake akiimba. Hawezi kuona ulichoficha. Anakuona wewe tu, uso wako, na uso wako ndio anaouamini kiu ikimshika.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, ungali na mtu wa kukufokea. Anayekufokea anakupenda. Usimpe mtu kitu ambacho wewe mwenyewe umekikwepa. Na usiwahi, usiwahi kuifanyia mchezo ile ishara inayomfanya mtu akuamini, maana ukiiharibu hiyo, hata masikio yake mwenyewe, hata pua yake, ataacha kuvisikiliza kwa ajili yako.

Sasa nenda ukarudie kile kiungo. Jaza tangi, maji yalale humo. Kikombe kiko pale dirishani. Ni kilekile, Mzee Rajab aliniachia alipofariki, ndicho kitu pekee nilichoomba. Kesho wenye gari wakija utakunywa wewe, na mimi nitakunywa baada yako, nikiwa nimesimama upande ambao wanaiona mikono yetu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe macho ya kuona chini kama unavyoona juu. Na wote watakaosafiri na kazi ya mikono yako, awafikishe salama, wawakute wanaowasubiri wakiwa hai.