Ripoti ya Nyufa za Tassia

Laiti ningekataa. Mjukuu wangu aliponiomba ripoti ya kamati yetu ya wapangaji, aitumie kwenye tasnifu yake ya chuo kikuu, niliitoa juu ya kabati nikampa.

Ripoti hiyo haikuwahi kuchapishwa popote. Tuliiandika wapangaji wenyewe, hapa mtaani Tassia, kuta zilipoanza kupasuka. Kila mmoja alieleza ufa wa chumba chake, na jinsi mwenye ploti, yaani mwenye jengo letu, alivyomjibu alipolalamika. Mimi nilikuwa katibu.

"Guka, maktaba nzima haina kitu kama hiki," mjukuu alisema.

"Na majina ya watu?"

"Yafute tu."

Nikayafuta kwa kalamu nyeusi mpaka karatasi ikalowa. Namba za milango niliziacha. Huku tunaitana Mama fulani, Baba fulani. Sijawahi kumwita jirani kwa namba.

Tasnifu ilipopita, chuo kiliiweka mtandaoni, ripoti yetu ikiwa kiambatisho. Mjukuu alinionyesha kwenye simu, anatabasamu. Niliona zile namba, nikamrudishia simu. Mwenye ploti hatujui sisi kwa majina. Anatujua kwa milango.

"Iondoe," nilimwambia.

"Guka, hiyo mpaka ofisi ya chuo ikubali."

Ilinipasa kumwonya jirani yangu wa juu, mjane Mwislamu aliyekuwa akiniletea uji tangu mke wangu afariki. Ndiye aliyesema mazito kuliko sote. Niliogopa, nikanyamaza. Kila viatu vilipopanda ngazi nilizima redio.

Asubuhi moja vilikuwa viatu vya msimamizi wa ploti. Vilisimama mlangoni pangu. Nilibana pumzi, chai ikinichoma vidole. Kisha vikaendelea juu, nami, Mungu anisamehe, nikashukuru.

Jirani alipewa notisi ya kuhama. Nilimkuta akikunja mapazia.

"Mzee, si uliniambia umenifuta?"

"Nilifuta jina."

"Jina!" Alicheka kicheko kikavu. "Huyo mtu lini aliwahi kuniuliza jina? Na wewe ulijua, ukakaa kimya hapo chini?"

Nilishika ncha ya pazia nimsaidie kukunja, akaivuta.

Alihamia mtaa wa Mowlem. Simu zangu hapokei. Notisi yangu mimi bado naingoja, na viatu bado vinanishtua. Uamuzi ule wa kuitoa ripoti ulimnyima yeye nyumba yake, na mimi ukaninyima mtu wa mwisho aliyekuwa akibisha mlango wangu kunijulia hali.