Mawaridi ya Saa Saba Mchana

Siku ya kwanza kazini nilipewa mkasi, ndoo na karipio. Bwana Shamba alinikuta getini saa moja na nusu asubuhi, viatu nimevipiga kiwi, akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Umekuja harusini au kazini? Hapa maua yanakatwa jua halijapanda. Kesho uwe hapa saa kumi na mbili." Ndivyo nilivyoingia katika shamba la maua la ufukweni mwa ziwa, mbele kidogo ya Kiseke, ambako wateja walikuja kujichumia wenyewe.

Nilianzia kitaluni, kwenye miche. Baadaye nikahamishiwa bandani kwenye ndoo, na huko ndiko nilikoijua kazi. Ua lililokatwa lina kiu kama mtu aliyetoka kuvuna pamba. Unakata shina mshazari, ili sehemu ya kunywea iwe pana. Unaondoa majani yote yatakayozama, maana yakioza maji yananuka na ua linakufa. Kisha unayanywesha maua: ndoo safi, maji hadi karibu na shingo, kivulini, kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya safari. Bwana Shamba alizinusa ndoo zetu moja moja. "Maji usiyoweza kunywa wewe usimpe mgeni wangu," alisema, na mgeni wake ni ua. Tulimcheka kisirisiri, lakini mawaridi yake yalikaa mezani juma zima.

Vituko vya wateja nilivizoea. Mtu anachuma vizuri, anafika stendi ya Buzuruga, ananunua ndizi mbivu na kulaza maua juu yake. Ndizi mbivu hutoa hewa inayozeesha maua upesi. Akifika kwake yamepukutika, anasema shamba letu lina mkosi.

Miaka mingi baadaye, Bwana Shamba alipostaafu, nilipewa usimamizi wa wachumaji chini ya Meneja mpya. Huyu alifungua geti kutwa nzima, kwa sababu wageni walipenda kupiga picha mchana. Nilimweleza kwamba ua la mchana limeishiwa maji. "Mzee," akajibu, "mteja akitaka kukata, akate. Kazi yako ni kumkaribisha." Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, nikajifunza kunyamaza.

Siku moja saa saba, jua la utosi, alikuja mwalimu mmoja wa kike kutoka Misungwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Mama yake alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa kesho yake saa nane mchana. Marehemu aliwasihi wanawe miaka yote wasije wakamwekea maua ya plastiki. Binti alitaka kumchumia kwa mikono yake mwenyewe. Alipomaliza kukata akaniuliza, "Yatafika salama, mzee?"

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Mawaridi yalikuwa yameshaanza kuinamisha vichwa. Ningeweza kumwambia amtume ndugu alfajiri, nimkatie mapya, niyanyweshe, na yangewahi mazishi bila shida. Nikasema, "Yatafika." Hata ndoo ya maji sikumpa, maana zote zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya picha. Aliyafunga kwenye khanga, akanishukuru, akaondoka.

Alirudi baada ya matanga. Hakupaza sauti.

"Mzee, yalinyauka siku ileile. Dada zangu wakaenda kununua ya plastiki, ndiyo tuliyomzikia mama. Ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Asante kwa kuniambia leo," akasema, akaenda zake. Kama angenitukana, ningepata nafuu.

Sasa nimestaafu. Wanangu wananihimiza nipande maua uani, na mimi sitaki kuyaona. Vijana wakija kuniuliza siri za kazi ninawaambia yote: mshazari, kivuli, ndoo safi. Ni kweli tupu, na mimi mwenyewe siamini tena kuwa yana faida. Nilikuwa na ujuzi wa kutosha kumsitiri mama wa watu kwa heshima aliyoiomba, nikafumba mdomo ili nisigombane na bosi kwa miezi michache iliyobaki. Miezi ile ilikwisha kama ilivyokwisha mingine. Yule mama amelala Misungwi chini ya maua asiyoyataka, na hayo hayanyauki.