Chumba cha Mkaguzi wa Maji Taka

Kuna watu wa Koboko wasiojua jina langu la ubatizo, wakiniona wananiita Madamu Chumba, na mimi naitika, nitafanya nini, jina hilo nilijitafutia kwa kinywa changu mwenyewe, mchana, mbele ya watu waliovaa nguo zao nzuri, na aibu yake naisikia mpaka leo, masikio yanapata moto hata nikiwa peke yangu naosha vyombo. Acheni niwasimulie basi, mcheke yaishe.

Mimi ni wa Awindiri, hapa Arua, Uganda, lakini mama yangu ni wa ng'ambo ya mpaka, Congo, alikuja na vitenge vyake kuuza, akaolewa, akabaki, kwa hiyo Kiswahili nilikinyonya pamoja na maziwa, na Kiingereza nikakipata shule. Ndiyo maana Injinia Drani alinitafuta. Huyu Drani ni mtu wa Manibe, mpole, mwenye sauti ya chini kama mtu anayembembeleza mtoto, na kazi yake ni mambo ya maji taka. Walikuwa wamelaza bomba jipya katika mtaa mmoja wa Koboko karibu na soko, sasa wenye nyumba walitakiwa kusomewa masharti kabla ya kuunganishwa. Pale ukisema Kilugbara unaacha watu, ukisema Kikakwa unaacha wengine, lakini Kiswahili kila mtu anacho, wengine wamekipata jeshini, wengine sokoni, na Injinia mwenyewe cha kwake kinaishia kwenye salamu.

"Ni masharti tu," aliniambia. "Hakuna neno gumu."

Sasa mjue kwamba mimi naota macho wazi (mama anasema nilizaliwa nikiwa usingizini na bado sijaamka vizuri). Mkutano ulikuwa chini ya turubai, baada ya chakula, jua limetulia juu ya mabati, upepo unainua turubai kidogo na kulishusha, linainuka, linashuka, kama kifua cha mtu aliyelala, na Injinia anasoma kwa ile sauti yake. Akasema maji taka ni maji ya choo, ya jikoni na ya bafu. Nikatafsiri. Akasema maji ya mvua hayahesabiwi kuwa maji taka, ni marufuku kuyaelekeza kwenye bomba. Nikatafsiri. Akasema mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki, yakipoa yanaganda na kuziba njia. Hapo mimi nilikuwa nimeshashuka chini ya ardhi. Nilikuwa nawaza jinsi maji ya nyumba zote yanavyokutana gizani, maji ya udhu ya huyu na maji ya sufuria ya yule, yanatembea pamoja polepole bila kuulizana kabila wala dini, mpaka kule nje ya mji kwenye mabwawa, yanalala juani siku nyingi hadi yanakuwa meupe, na ndege wanakuja kunywa. Nikaona vizuri sana. Nilikuwa naona hata ndege.

Nikasikia Injinia amenyamaza, ananitazama. Alikuwa amesema chemba.

Chemba ni nini? Sikujua. Leo nawaambia bila shida: ni lile shimo dogo lililojengwa kwa matofali juu ya njia ya bomba, lenye kifuniko, ili mkaguzi afungue na kuangalia kama maji yanapita. Siku ile ningeinua kichwa na kuuliza, jambo lingechukua muda wa kupiga chafya. Lakini watu walikuwa wananitazama, nimevaa kitambaa kipya kichwani, na mtafsiri anayeuliza maana ya neno anaonekana kama mpishi anayeuliza chumvi ni ipi. Nikakumbuka kwamba kwa Kiingereza cha shule chemba ni chumba. Nikasema chumba.

"Kila nyumba lazima iwe na chumba cha mkaguzi," nikasema, kwa sauti nzuri kabisa. "Kiwe wazi wakati wowote, mkaguzi akija aingie. Kiwe na kifuniko kizito."

Mzee mmoja akauliza kifuniko cha namna gani. Sikumwuliza Injinia, nilijibu mwenyewe: "Kitu ya kufunika, nzito, mtoto asiweze kuinua."

Halafu likaja sharti la mwisho, na hilo ndilo linaloniuma. Injinia alisema vitu vigeni visiingizwe kwenye chemba, yaani matambara, plastiki, mifupa, chochote ambacho si maji. Lakini kwa Kiingereza neno hilohilo ndilo la kitu kigeni na ndilo la mgeni anayetoka nchi nyingine, na mimi, nusu niko kwenye mabwawa na ndege wangu, nikasema, "Vitu vya wageni visiwekwe ndani ya chumba." Watu wakatazamana. Nikadhani wamevutiwa.

Wiki iliyofuata tukarudi na Injinia kukagua. Amevaa buti za mpira, ana mtaimbo wa kuinulia vifuniko. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Hajati Mariamu, mjane wa sajini, mwanamke mrefu anayeheshimiwa mtaa mzima, ana nyumba yake na vyumba vya kupangisha uani. Tulimkuta mlangoni amejifunga kitenge kipya, na majirani wamejaa kama kwenye harusi. Ubani ulikuwa unanukia tangu njiani.

"Karibu, mkubwa," Hajati akamwambia Injinia. "Chumba iko tayari."

Akatuingiza katika chumba kimoja cha uani. Sakafu imesuguliwa, pazia jeupe linapepea, kitanda kimetandikwa, na juu ya kitanda, katika joto lile la Koboko, kuna blanketi la jeshi la marehemu, nene kama mlango. Pembeni kuna birika la maji ya kunawa na kandambili mpya.

Sikuelewa mara moja. Nawaambia ukweli, nilisimama nikafikiri kwamba ni chumba kizuri. Ubani ulikuwa unapanda taratibu kwenye mwanga wa dirisha, na kwa kitambo nikasahau tulikuja kufanya nini. Kisha nikaliona lile blanketi tena, nikakumbuka kile kifuniko kizito nilichowaambia.

"Anasema nini?" Injinia akaniuliza kwa Kiingereza.

Na hapa ndipo nilipoongeza kosa juu ya kosa. "Anakukaribisha upumzike," nikasema.

Injinia, kwa ule upole wake, hakutaka kumvunjia mjane heshima. Akavua buti, akaziweka vizuri mlangoni, akaketi kitandani, halafu kwa kuwa Hajati alikuwa anamwonyesha mto kwa mikono miwili, akajinyoosha. Mlangoni kukapita mnong'ono wa kuridhika: mkaguzi amekubali chumba. Jirani mmoja akaniambia na kwake pia kuko tayari, kitanda iko kubwa zaidi. Mwingine akataka kujua kama mkaguzi atakuja na mke wake, kwa sababu yeye amehamisha watoto wakalale jikoni. Nyumba zote za mtaa. Wote walikuwa wametandika.

Nikatoka nje nipate hewa. Uani, chini ya upenu mfupi, alikuwepo mwanamume ameketi nyuma ya cherehani, magauni ya bibi harusi na wasimamizi wake yamefungwa kwenye shuka na kurundikwa juu ya meza, na upande wa magharibi wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Akaniambia anaitwa Fundi Bahati, ni mshonaji, mpangaji wa Hajati. Kile chumba kilikuwa chake.

"Hajati hakunifukuza na roho mubaya," akasema. "Alilia. Alisema ni sheria, vitu ya mugeni haiwezi kuwa mule ndani. Mie ni mutu ya Congo, niko hapa miaka mingi, sikujua kama bado niko mugeni." Akanitazama. "Wanasema ni weye ulisoma ile sheria. Na mama yako, wanasema, ni wa kwetu. Ni kweli ilikuwa imeandikwa hivyo?"

Akilini nikamwona mama yangu na vitenge vyake kichwani, mgeni wa kwanza kabisa wa kutolewa nje kwa sheria yangu. Sikuona mabwawa wala ndege.

"Hapana," nikasema. "Haikuandikwa. Ni mimi."

Nikarudi mlangoni. Kwanza nikamwambia Injinia, kwa Kiingereza, kila kitu, chumba, blanketi, wageni, na yeye akiwa bado amelala chali akafumba macho, akanieleza chemba ni nini. Kisha nikawageukia watu. Kitambaa changu kilikuwa kimelegea, sikukigusa.

"Mimi nilitafsiri vibaya," nikasema. "Hakuna mkaguzi anayelala kwa mtu. Chemba ni shimo. Ni lile shimo lenye kifuniko cha zege, mafundi walijenga uani kwenu wote. Kifuniko kizito ni hicho. Na sheria haikusema wageni. Ilisema matambara na plastiki. Sikulijua neno, nikaona haya kuuliza."

Halafu mtu akacheka kwa nyuma, na kicheko kikatembea, kikanifikia, kikapita, kikaenda mpaka barabarani, na nikajua kabla ya jua kuzama kitakuwa kimefika hata kule vijijini Ludara.

Hajati hakucheka. "Mimi nilimutoa mpangaji yangu inje," akasema polepole. "Kwa neno ya shimo."

"Ndiyo, Hajati."

Alinitazama mpaka nikatamani ile chemba iwe kubwa niingie. Kisha akampita kila mtu, akaenda uani, akashika mwenyewe rundo la magauni ya harusi akalibeba kifuani kama mtoto. "Fundi, unisamehe. Ingiza vitu yako, mvua inakuja." Na mimi na Injinia, yeye akiwa na soksi tu, tukabeba cherehani, matone ya kwanza yakitupiga mgongoni.

Mvua ilipopita kifuniko kilipatikana pale pale uani, kimefunikwa na matope na majani. Injinia akakiinua kwa mtaimbo. Watu wakainama kutazama, na mimi nikainama. Chini, maji ya soko, lililotangulia kuunganishwa, yalikuwa yanapita kimya kimya, meusi, bila haraka.

"Sasa tafsiri," Injinia akaniambia.

"Hii ndiyo chemba," nikasema, na mtaa mzima ukarudia kwa pamoja kama darasa la watoto.

Tuliporudi Arua Injinia hakunigombeza. Aliniomba tu nisimwambie mke wake kwamba alilazwa kwa mjane. Fundi Bahati alimaliza magauni, harusi ikafungwa, nami nilialikwa, na wazee walinionyesha kiti wakisema ni kiti, si chumba, nihakikishe kabla ya kukaa.

Kuota sitaacha, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini neno nisilolijua halitatoka tena kinywani mwangu likiwa limevaa nguo ya neno lingine. Nitasimama, hata kama turubai limejaa masheikh na wachungaji na jua limetulia juu ya mabati, nitasema, "Ngojeni, hilo silijui." Aibu ya kuuliza ni yangu peke yangu. Ile ya kutouliza ilimtoa mtu chumbani kwake mvua ikija.