Mwanamke Aliyenishikia Ua

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelewa, nikujibu kabisa: pombe sijaionja tangu nioe. Wala sikuwa usingizini. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, mwezi wa saba, na baridi ya mwezi wa saba ya huku Meru haimwachi mtu asinzie. Ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, niliyaona kwa macho yangu haya. Ukiamini sawa, usipoamini pia nitakuelewa, maana hata mimi nisingeamini.

Mimi ni mtunza stoo kwenye shamba moja la maua hapa Usa River. Kutwa nzima waridi zinapita mbele yangu kwenye maboksi, nzuri kweli, lakini zimepigwa dawa, huwezi kukuta hata mdudu mmoja. Na mimi ninachopenda ni wadudu. Napiga zile picha ambazo jicho la nzi linajaa kioo kizima, ambazo unaona manyoya kwenye mguu wa nyuki. Nilianza kwa simu, baadaye nikanunua kamera ya mtumba na lenzi yake ya kukuza. Mwanga wa flashi naulainisha kwa kipande cha dumu la maziwa nilichokikata mwenyewe. Neema, mke wangu, huwa anasema ameolewa uke wenza na kamera.

Kazi hii hufanyika alfajiri. Jua likishachomoza wadudu wanapata joto, wanaruka. Alfajiri wamelala, wamelowa umande, unaweza kuwasogelea mpaka lenzi ikaribie kuwagusa. Kuna nyuki wadogo wa porini ambao madume yao hayana mzinga. Hulala nje wameng'ata kikonyo cha ua, miguu inaning'inia. Nilikuwa nawatafuta hao kwa miezi.

Adui mkubwa ni mtikisiko. Ukikuza picha kiasi kile, upepo mdogo ambao hata huusikii usoni unalitupa ua nje ya picha. Na ukilishika kwa vidole ndiyo umeharibu kabisa, kwa sababu damu inapopita kwenye vidole vyako ua linaruka nayo: tuk, tuk, tuk. Mapigo ya moyo wako unayaona kwenye kioo. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kulituliza ua. Kila anayepiga picha za aina hii anajua hivyo.

Sasa, kuna mzee mmoja juu huko mlimani, nitamwita Mzee Kaaya. Ni mzee wa kanisa, ana shamba la kahawa na migomba, na chini ya shamba, kando ya mfereji, kuna bustani ya maua ya zamani: dalia nyekundu kubwa kama visahani, zimeota ovyo, hakuna anayezipalilia wala kuzipiga dawa. Nilipomwomba ruhusa aliitazama kamera yangu.

"Unapiga maua tu?"

"Maua na wadudu, mzee. Kwa karibu sana."

"Kwa karibu sana," akarudia. Halafu akasema, "Njoo Jumamosi, alfajiri. Mbwa nitawafunga."

Jumamosi saa kumi na mbili kasoro nilikuwa nimeshuka kwenye bodaboda na kuingia bustanini. Ukungu ulikuwa mzito, migomba naiona vivuli tu. Dakika kumi hazikupita nikampata nyuki. Dume, amelala, ameng'ata kikonyo cha dalia, mwili mzima umejaa matone ya umande kama shanga. Nikapiga magoti, nikaweka jicho kwenye kamera, nikashusha pumzi.

Upepo. Ua likaenda kushoto, likarudi, likaenda kulia. Nikasubiri. Likatulia kidogo, nikabonyeza, likatikisika. Sijui nilihangaika muda gani, goti likaanza kufa ganzi. Nikanong'ona peke yangu, "Tulia basi."

Likatulia.

Siyo kwamba upepo uliacha. Majani ya migomba niliyasikia bado yanapigana. Lakini ua lile lilisimama kama limechongwa. Nikainua kichwa, nikaona ng'ambo ya kichaka mama mmoja amechuchumaa. Amevaa kitenge na sweta la kijivu, kilemba kichwani, umri wa mama yangu. Ameshika kikonyo kwa vidole viwili, chini kidogo ya nyuki.

Nilishtuka, lakini si sana. Nilijua ni mama wa pale nyumbani, amekuja kunitazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Piga tu mwanangu. Nimekushikia."

Nikamshukuru, nikarudi kwenye kamera. Ee bwana, nilipiga! Picha moja, ya pili, ya kumi, zote kali kama wembe. Nilifurahi kiasi kwamba akili haikufanya kazi. Ilikuwa kama picha ya kumi na tano hivi ndipo nikajiuliza: mbona ua haliruki? Mtu amelishika kwa vidole, na haliruki?

Nikashusha lenzi taratibu kutoka kwenye nyuki mpaka kwenye vidole vya yule mama, nikabonyeza. Niamini, nilivitazama vidole vile kwa ukubwa ambao hata daktari havitazami. Kando ya kucha ya kidole gumba kulikuwa na kovu la kuungua. Na juu ya ngozi, kwenye kila kinyweleo, kulikuwa na umande. Matone madogo yaliyokaa kwa mpangilio, sawasawa na yale yaliyokuwa mgongoni kwa nyuki.

Unaelewa maana yake? Umande haukai hivyo juu ya mtu. Mwili wa mtu una joto. Umande hukaa juu ya jiwe, juu ya jani, juu ya kitu kilichotulia usiku kucha kikapoa pamoja na ardhi.

Sikuinua kichwa haraka. Niliogopa. Jicho langu lilikuwa bado kwenye kamera, na nilisikia mvuke wa pumzi yangu unarudi usoni. Hatimaye nikatazama. Sweta lake halikuwa la kijivu. Lilikuwa jeusi, limefunikwa na umande. Kutoka begani kwake mpaka kwenye dalia buibui alikuwa ametanda utando wake. Mdomoni mwake hamkutoka mvuke.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado... ndiyo, mama. Nimemaliza."

"Basi nishikie na mimi kidogo. Vidole vimechoka. Ninyooshe mgongo tu."

Alisema kwa upole, kama mama yeyote anavyokuomba umpokee ndoo. Sasa niambie wewe, umelelewa vizuri, mama wa umri ule ametoka kukusaidia, anakuomba umshikie ua. Utamwambia hapana? Kichwa changu kilisema kimbia. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa tayari umeshanyooka.

Nilishika kikonyo kwa vidole viwili, chini ya vidole vyake.

Baridi iliingia kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Moyo ulikuwa unanipiga mpaka masikioni, lakini nikatazama ua, na ua halikuruka hata kidogo. Nikaona kidole chake cha shahada kinabanduka polepole kutoka kwenye kikonyo, kama gundi inayoachia. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Ya kwanza tangu nimwone.

"Hivyo hivyo," akasema. "Usikaze. Utazoea."

Nikajaribu kuachia. Vidole havikunisikia. Nikavitazama, ni vyangu, lakini vilikuwa havina habari na mimi. Baridi ilikuwa imefika kwenye kiwiko. Yeye alikuwa ameshageuza uso kutazama juu, nyumbani, ambako moshi wa jikoni ulikuwa unatoka na mtu alikuwa anakohoa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nakwambia, alikuwa anatazama ule moshi kama mtu mwenye njaa ya miaka.

Kilichobaki kwenye kikonyo kilikuwa kidole gumba chake tu. Nilishika kamera kwa mkono wa kulia, nikaugonga nayo ule mkono wangu wa kushoto, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa nguvu zote. Vidole vikaachia, nikaanguka nyuma, mpaka kwenye mfereji. Na kabla maji hayajanifunika masikio nilimsikia, hakupiga kelele, hakukasirika.

"Basi mwanangu," alisema. "Hata wewe umeniacha."

Nilipoinuka hapakuwa na mtu. Dalia ilikuwa inayumba na upepo kama kawaida, nyuki bado amelala.

Nilifika nyumbani kwa Mzee Kaaya nimelowa chapachapa. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakuniuliza nimeangukaje. Aliuchukua mkono wangu wa kushoto, akavishika vile vidole viwili, akafumba macho.

"Amekuomba umshikie?"

"Mzee, mimi nilidhani ni mama wa hapa nyumbani."

"Ni mama wa hapa nyumbani," akasema. "Ni mke wangu."

Tulikaa jikoni karibu na moto, akanieleza. Mke wake alitoka alfajiri moja ya Jumapili, miaka mingi nyuma, kukata maua ya kupamba altare kanisani. Hakurudi. Walikuta kandambili zake na kisu kando ya mfereji. Walitafuta mlima mzima, polisi walikuja, maombi yalifanyika, mwisho watu wakasema ameondoka na mwanaume. Lakini wiki ile ile kabla hajapotea alikuwa amemwambia mumewe kwamba alipoinama kuchagua ua alimwona mwanaume amevaa koti pale bustanini, ameshika ua, anamsalimia vizuri.

"Nikamcheka," Mzee Kaaya akasema. "Nikamwambia ni ukungu. Huyo mwanaume hajaonekana tena tangu siku aliyopotea mke wangu."

Aliniomba picha. Kamera ilikuwa imepasuka kioo lakini kadi ilikuwa nzima, tukaiweka kwenye simu yangu. Akaitazama ile picha ya vidole bila kupepesa macho, akaweka kidole chake juu ya lile kovu. "Hili aliungua na sufuria ya makande," akasema. "Ni yeye."

Nikamwuliza kitu ambacho mpaka leo kinaninyima amani. "Mzee, ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

"Sisi wa nyumbani hatumwoni. Nimeinama pale mpaka magoti yamekufa. Nilitaka mtu aniambie kama yupo."

Inawezekana ni kweli. Ni mtu mzima, analia mbele yangu, nitamwitaje mwongo? Lakini nilipotoka nje niliona mbwa wamefungwa upande wa nyuma kabisa, na kwenye meza ya barazani, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na vikombe vitatu vya chai. Pale nyumbani anaishi yeye peke yake. Cha kwanza chake, cha pili changu. Cha tatu cha nani?

Sijarudi tena. Vile vidole viwili madaktari wamevipima, wanasema damu inapita, mishipa ni mizima. Lakini havisikii sindano wala moto. Nikitoka nje alfajiri vinaota umande, hivyo viwili tu, na vingine vikavu. Mtoto wangu mdogo hataki nimbebe kwa mkono huo. Neema amenifumia soksi ya mkono, naivaa hata kitandani. Na nitakwambia jambo la aibu: siku moja, kamera ilipokwisha kutengenezwa, nilijaribu kushika ua kwa vidole hivyo na kupiga picha. Lilitulia kabisa. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikaifuta, nikauza kamera.

Ningeishia hapo, lakini Mzee Kaaya na mkewe wana binti, anaitwa Anaeli. Anauza nyanya na vitunguu sokoni Kwa Mrombo. Mzee alikuwa amenisihi asijue, halafu mwenyewe akashindwa kukaa nalo, akamwambia. Anaeli akanitafuta mpaka getini kazini.

"Kaka, mama alikuwa amevaa sweta?"

"Alikuwa amevaa."

Machozi yakamtoka. Halafu, "Ni ua lipi? Nionyeshe tu ni shina lipi."

Nikamwambia sikumbuki, ukungu ulikuwa mwingi. Nilimdanganya. Nalikumbuka kama ninavyoukumbuka mlango wa nyumba yangu.

"Angekuwa mama yako?" akaniuliza. Akaondoka.

Wiki iliyopita amerudi. Safari hii hakulia, hakuuliza kitu. Alikuwa amechangamka, amesuka nywele upya. Alitoa simu kwenye mkoba, na kwenye simu alikuwa amebana kile kilenzi kidogo cha kukuza wanachouza mjini.

"Kaka," akasema, "nasikia unajua kufundisha. Nifundishe kupiga picha za maua kwa karibu."

Nilikataa. Akatabasamu, akasema haina shida, mjini wanaojua wapo wengi. Najua anachotaka: baba yake hakumwona mama kwa macho matupu, yeye atamtafuta kwa lenzi.

Ndiyo maana nakusimulia. Ukiwa bustanini alfajiri, jicho liko kwenye lenzi, na ua likatulia lenyewe, usishukuru, usisalimie, inuka uondoke. Na kama wewe ni mmoja wa wanaojua hii kazi, hapa Arusha, akaja dada mmoja mpole mwenye nywele mpya na harufu ya vitunguu mikononi, anataka kujifunza kusogea karibu kabisa na ua, nakuomba kwa jina la Mungu, mwambie huna nafasi.