Kuiombea Marekani Huku Northfield

Mume wangu anajua bei ya mayai Ohio. Ukimuuliza bei ya mayai Northfield, hapa hapa tunapoishi, atakutazama kama mtu aliyetukanwa, kwa sababu mayai ya Northfield hununuliwa na mimi. Ya Ohio anayo kichwani: lini yalipanda, nani aliyapandisha, na nani sasa ametumwa na Mungu kuyashusha. Habari hizi anaziokota kwa wachambuzi wake, wanaume wa Kimarekani wanaofoka mbele ya vipaza sauti. Huwasikiliza akipiga mswaki, akila, akienda kazini kwake kwenye ghala kule Washwood Heath, na akirudi. Hajawahi kukanyaga Marekani. Ndege yake ya kwanza na ya mwisho ilimleta hapa Birmingham, Uingereza, tena kwa viza iliyosema yuko chini ya mke wake, mtunza wazee.

Nieleweke vizuri. Mimi si mtu wa maandamano. Nimelelewa kanisani, na mama aliyeuza mitumba. Naamini mtu mzima ale jasho lake, serikali isitie mwiko kwenye kila sufuria, na nchi ijue nani anaingia na nani anatoka. Wachambuzi wakisema hayo, sibishi. Lakini debe tupu haliachi kuvuma, na hawa huvuma kutwa nzima. Jumatatu ushuru ni mzuri kwa sababu unalipwa na wageni. Jumatano bei zimepanda kidogo, tuvumilie. Ijumaa hazikupanda kabisa, ni uongo wa magazeti. Mama yangu, kila ushuru wa marobota ulipoongezwa, alipandisha bei ya sketi siku hiyo hiyo, na wateja wake walijua fika nani anaulipa. Nilimwambia mume wangu hivyo. Akanijibu kwamba uchumi wa Marekani si soko la Gikomba.

Kilichonichefua zaidi ni neno "sisi". Alikuwa akiingia nyumbani, hajavua hata viatu, anatangaza: "Tumewanyoosha!" Au: "This time hatutaki mchezo na China." Siku moja binti yetu, ambaye Kiswahili hukisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake ya shule.

"Dad, who's we?"

Baba yake akamwambia hizo ni siasa, hawezi kuzielewa. Mtoto akarudi kwenye hesabu zake. Mimi nilicheka kwa sauti, makusudi, ili anisikie.

Na mji tunaoishi je? Mwaka huo wa ushuru wazoa taka wa Birmingham waligoma. Mifuko ilirundikana barabarani, ikapasuka, na panya wakawa wanatembea mchana kweupe bila haya. Sisi Wakenya tuna haki ya kupiga kura hapa, kwa kuwa tumetoka nchi ya Jumuiya ya Madola. Mtu hujiandikisha tu. Mimi nimejiandikisha. Yeye hajui hata kama diwani wetu ni mwanamume au mwanamke. Nilimwona kwa macho yangu akiruka mfuko uliopasuka mbele ya mlango wetu, simu sikioni, huku akitikisa kichwa kwa uchungu kuhusu uchafu wa San Francisco. Pilipili usiyoila yakuwashiani?

Ningemwachia ulevi wake huo kama ungeishia masikioni mwake. Lakini tuna ushirika wa nyumbani, familia chache za Wakenya na Wakongo, na hukutana kwetu Jumapili alasiri, kila mama na chakula chake. Mume wangu ndiye mwenyekiti, kwa sababu sebule ni yetu na sauti kubwa ni yake. Nguzo ya maombi ni mama mmoja Mkongo anayetoka Kings Heath kwa basi, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mapajani, imefungwa kwa kitenge isimwagike. Huyo akianza kuomba, hata vijana huweka simu chini. Tunasema ana moto, na si kumsifu tu.

Mama huyu ana dada. Walikimbia pamoja kutoka Kivu, wakapotezana njiani. Mmoja alipokewa Uingereza, Angleterre kama anavyoiita, na watoto wake. Mwingine akabaki kambini magharibi ya Tanzania, akazaa na kulea huko huko chini ya turubai. Marekani ndiyo iliyomfungulia jalada. Akahojiwa, akahojiwa tena, akapimwa mapafu, akaulizwa jina la babu yake mpaka akalichoka, na mwishowe akaambiwa ndiyo. Ushirika wetu wote ulifunga kwa ajili ya safari ile. Tiketi zilipotoka tulicheza sebuleni mpaka jirani akagonga ukuta. Mume wangu ndiye aliyeruka juu kuliko wote.

Halafu rais mpya akaapishwa, na siku hiyo hiyo akatia sahihi kwamba wakimbizi wasimame kwanza. Mume wangu alipiga makofi mbele ya televisheni. Jumapili iliyofuata, yule mama alinifuata jikoni nikikata kachumbari, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Mama, vol balisha annuler," aliniambia. Ndege imefutwa. "Dada alishauzisha vitu yote. Ile nyumba yabo balishapatia batu bengine. Sasa analala kwa jirani, yeye na batoto bake."

"Watampa tarehe nyingine lini?"

"Habasemi kitu. Banasema angojee tu."

Nilimshika mikono. Aliniomba nisilitangaze jambo hilo, kwanza alivumilie moyoni, kisha akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge na kubeba sahani kwenda nazo sebuleni.

Wageni walipoondoka nilimweleza mume wangu, kwa kuwa nilidhani anapaswa kujua kilichofanywa na ile sahihi aliyoipigia makofi. Hakushtuka hata kidogo.

"Haiwezi kuwa," alisema. "Wanaozuiwa ni wale wa kuruka ukuta. Nimesikiliza analysis yote. Hawa wa legal hawana shida."

"Mwenye dada ndiye aliyeniambia."

"Basi hakuelewa. Unajua hawa ndugu zetu Kiingereza kinawasumbua."

Mwanamke anayeongea lugha tano, aliyevusha watoto mpaka wa vita usiku, ndiye hakuelewa kwamba dada yake hakupanda ndege! Na yeye, kwa vile kuna Mmarekani aliyemfokea sikioni, ndiye aliyeelewa. Nilimdharau siku ile, na sioni haya kuliandika. Nimeishi naye vizuri, hanipigi, hanywi, mshahara wake huuleta nyumbani. Lakini kumwamini mtu wa kipaza sauti kuliko mama anayeketi kwenye kochi lako kila Jumapili ni upumbavu wa aina ambayo hata sala haijui pa kuuanzia.

Majira ya kuchipua yalipofika, ushuru mkubwa ukatangazwa kule, masoko ya hisa yakaporomoka, na wachambuzi wake wakaanza kutoa jasho. Naye akatoa jasho pamoja nao. Akatangaza Jumapili maalumu ya kuiombea Marekani. Nilimwambia asithubutu. Akasema tumeamriwa kuwaombea wenye mamlaka. Nikamwambia wenye mamlaka juu yetu wako London, na wa mapipa wako hapo katikati ya mji, aanze na hao. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Basi siku ikafika. Watu walijaa, pilau ikawa inangoja jikoni. Mume wangu akasimama na kugawa mahitaji. Ndugu mmoja akapewa ushuru. Mwingine akapewa bei ya mafuta. Mimi nikapewa dola, nikamwambia mbele ya watu kwamba dola haijanituma, akacheka kana kwamba ni mzaha wa mke na mume. Kisha akamgeukia mama yetu wa Kings Heath.

"Na wewe Mama, kwa sababu ndiwe mwenye moto, utaombea mpaka. Mungu aufunge kabisa. Adui asipate hata upenyo."

Katika ushirika wetu mtu akipewa ombi hakatai. Unaweza kuwa na homa, unaweza kuwa umegombana na mwenzako asubuhi ile. Ukiambiwa tuombee, unasimama. Nilimwona mama akishika mkono wa kochi ili ainuke, halafu akatulia.

"Baba, niombe bafunge mupaka? Dada yangu iko inje ya ule mupaka."

Mume wangu angeweza kusema samahani, Mama, nimesahau, tuombe kitu kingine. Nilimkodolea macho mpaka yakaniuma. Yeye akatabasamu, tabasamu la mwalimu kwa mtoto mgumu wa kufundishika.

"No, no, Mama, hapo hamkuelewa vizuri. Wanaofungiwa ni wale wabaya. Dada yako ana makaratasi, she's fine. Wewe omba tu."

Damu ilinipanda. Nilikuwa tayari kusimama na kumwumbua mbele ya wageni, na ningefanya hivyo kama mama asingeniwahi. Alisimama taratibu, akakaza kitenge kiunoni, akafumba macho.

Asiyewahi kuketi kwenye ushirika kama wetu ajue jambo moja. Mwenye moto akiomba, watu hawamsikilizi neno kwa neno. Wanafuata sauti. Ikipanda na kukatika, wanapiga Amina, jinsi mama aliye jikoni anavyoitikia watoto wanaomwita nje, bila kuuliza wanataka nini.

Alianza chinichini. Akamshukuru Mungu kwa nyumba hii na baba ya nyumba hii. Amina. Akaiombea Marekani mvua na mavuno. Amina. Akamwombea rais wao alale salama, na batoto bake balale salama, na mutu asibafukuze kwao. Amina. Hapo sauti yake ikaanza kupanda ngazi, na watu wakapanda nayo, wakafumba macho, wakainua mikono. Mimi nilibaki nimemtazama.

"Baba, kama kufunga mulango ni kazi yako!"

"Amina!"

"Kama unafurahi ule mwenye alishaingia akifungia mwenzake inje!"

"Amina!" Mume wangu alikuwa ameinuka sasa, ngumi juu, shingo imemtoka mishipa.

"Basi funga na ya hapa Angleterre! Uifunge kuanzia ile siku sisi bote tulikuwa tungali inje! Mimi na batoto bangu! Na baba ya hii nyumba, na mama, na mutoto yabo!"

"Amina!" waliitikia wote, yeye kwa sauti kuliko wote, akachelewa kidogo nyuma yao, ikasikika Amina yake peke yake.

Kisha maneno yakawafikia. Niliyaona yakifika, uso mmoja baada ya mwingine. Dada mmoja alishika mdomo. Ndugu wa ushuru aliteremsha mikono polepole, akaitia mifukoni. Binti yetu, aliyekuwa ameketi ngazini, alimtazama baba yake. Mama alifumbua macho, na hayakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa amechoka tu, mwanamke anayetoka kusafisha maofisi alfajiri na kupanda basi na sufuria Jumapili.

"Aksanti, Baba," alimwambia. "Umeitika."

"Lakini Mama..." Mume wangu alicheka kidogo, akaangalia huku na huku akitafuta wa kucheka naye. "Mama, sisi ni tofauti. Sisi tuliingia legal."

"Dada yangu pia," alisema, akaketi.

Mume wangu alipapasa simu yake mfukoni, akaiacha. Hapakuwa na Mmarekani wa kumpa la kusema. Hakuna aliyekwenda kuipakua pilau, na mimi, mwenye nyumba, sikumwambia mtu yeyote aende. Dada yake mama huyo, ninapoandika haya, bado analala kwa jirani.