Kituo cha Kwa Daktari

Harufu ya karafuu hunikera hadi leo. Mtu akiitia kwenye chai, mimi narudi papo hapo darasa la tano, katika senta yetu ndogo ya maduka upande wa Birongo, mbele ya chumba cha mabati alimoishi mwanamume tuliyemwita Daktari. Alichemsha karafuu katika sufuria na kuwapa watu maji yake wasukutue, na harufu ile ilichanganyika na ya spiriti na ya ndizi mbivu zilizouzwa barazani pake. Kazi yake ilikuwa kung'oa meno. Alivaa koti jeupe ambalo halikupata doa hata wakati wa mvua, na katika matope yetu mekundu, koti la namna hiyo lilitosha kuwa cheti. Hakuna aliyejua alikotoka. Alizungumza Kiswahili laini cha watu wa mbali, na wazee wetu, waliozungumza Ekegusii toka asubuhi hadi jioni, waliona haya kumhoji kwa lugha waliyoijua nusunusu.

Mwaka huo mvua ilinyesha sana na chai ikachipua kuliko mikono ya kuichuma. Dada Kemunto, binti wa shangazi yangu, alikuwa kidato cha tatu na aliishi kwetu. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, nilisikia nyayo zake zikipiga njia iliyolowa. Alipanda kilima mbio bila viatu, akarudi, akanywa uji, akafunga kikapu mgongoni na kuingia shambani. Alikuwa amechaguliwa kukimbia katika mashindano ya mkoa mjini Kisii. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuchaguliwa kwa jambo lolote, kwa hiyo hata baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, alilitaja kanisani Sabato mbili mfululizo.

Siku chache kabla ya mashindano, jino lilianza kumuuma. Baba alitaka kumpeleka hospitali. Majirani wakamshangaa: kwa nini apoteze siku nzima mjini na Daktari yuko hapa? Basi tukaenda, mimi nikikaa karibu naye kwenye benchi, mkono wangu ukiumia kwa jinsi alivyoubana. Daktari aling'oa kwa haraka, akamwonyesha jino. Lilikuwa jeupe pe, zima. Lile bovu lilikuwa bado mahali pake, likiuma vilevile.

Mama alirudi naye kudai maelezo. Daktari hakupandisha sauti hata kidogo. "Maumivu huhama, mama," alisema, na kwa utulivu ule akajitolea kuyafuata yalikohamia. Mama alimshika Kemunto mkono wakaondoka.

Alikimbia akiwa amefunga leso shavuni, uso umevimba upande mmoja. Tulimsihi abaki nyumbani, naye akasema hakimbii kwa mdomo. Akashinda. Alipopokea zawadi hakuweza kutabasamu, na nadhani watu wa mjini walimwona ana maringo. Kutoka pale alichukuliwa kwenye kambi ya wanariadha, kisha akaenda kukimbia ng'ambo, ambako bendera yetu imepandishwa kwa sababu yake. Tuliporudi kutoka mashindanoni tulikuta mlango wa Daktari umefungwa kwa kufuli. Watu wengine walikuwa wamelalamika, na yeye alikuwa ameondoka na koti lake.

Wakati ule angalau tulikasirika. Mama alikataa kwa miaka kupita mbele ya chumba kile. Leo waliong'olewa meno mazima wanafungua vinywa kuwaonyesha wajukuu mapengo, kwa fahari. Kituo cha bodaboda kinaitwa Kwa Daktari, kibao kimeandikwa vizuri, na kinyozi wa hapo naye amejiita hivyo. Mwaka jana nilisimama katika baraza la chifu nikaomba uwanja wa shule uitwe kwa jina la Kemunto. Vijana walitazamana. Mmoja akauliza ni Kemunto yupi, na mzee aliyeketi mbele akamjibu kwa furaha, "Yule aliyeng'olewa jino na Daktari." Baraza zima likamkumbuka, likacheka, likaendelea na habari za mtaro.

Mwezi uliopita dada Kemunto alikuja kumwona mama yake, shangazi yangu. Nilimpokea mjini, na njiani nikamweleza yote, nikitarajia angalau yeye akasirike nami. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwinamia dereva wa teksi, kijana wa kwetu ambaye hakumtambua hata kidogo, akamwambia kwa Kiswahili chake kilichopata kutu huko ng'ambo, "Tushushe Kwa Daktari."

Nilimtazama. Alikuwa anatabasamu, pengo likionekana, na mimi nikageukia dirisha nisije nikamgombeza mgeni.