Mtani amevaa kofia ya Babu

Leo tumemzika Babu hapa Bigwa, na watu wamecheka.

Mimi sijacheka wala sijalia. Nipo tu.

Babu alimpenda steringi mmoja wa zamani wa Hollywood, hasa kwenye ile filamu ya enzi za Mjerumani. Humo anaigiza kapteni: haongei, anainamisha kofia, akifika mlangoni anageuka mara moja.

"Hapo ndipo anapoigiza," Babu alikuwa akisema. Na yeye kila akitoka, aligeuka hivyohivyo.

Sasa baada ya mazishi, mtani wetu (mnawajua watani msibani, kazi yao kumuigiza marehemu) akavaa kofia ya Babu, akaelekea mlangoni. "Kapteni anaondoka!" Mwendo uleule. Watu hoi!

Akafika mlangoni. Sote tukasubiri ageuke.

Hakugeuka. Akatoka moja kwa moja, na kofia ya Babu kichwani.

Nyie mngefanyaje? Mimi bado nautazama mlango.